Nimelipa dola 650 kwa "kifurushi cha difa", mtoto kabaki kiporo na mimi nimeliwa: riviu yangu

Nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili nawapa kwa ajili ya dada wa mapokezi aliyekuwa anapokea simu zangu zote bila kununa. Ni kampuni ya kuuza ushauri kwa wanaoomba vyuo, jina lao siliweki hapa, sitaki kesi na mtu, ila kama upo Marekani na una mtoto darasa la kumi na mbili basi matangazo yao au ya wenzao yameshakupitia kwenye simu, yale ya "mtoto wako kapigwa difa? bado tunaweza kuokoa ndoto yake". Nilikuwa nayapita kama matangazo ya dawa ya kitambi. Mpaka yakanikuta.

Tupo Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu. Mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, baba yao anaendesha lori. Binti yetu mkubwa ana kichwa, sisemi kwa sababu ni wangu, na msimu huo akaamua kupeleka maombi ya mapema kwenye chuo kimoja cha huko mashariki, vile vyuo ambavyo ukivitaja tu watu wanajiweka sawa kwenye kiti. Dedilaini tarehe 1 Novemba, majibu katikati ya Desemba. Siku ya majibu nipo jikoni nakaanga maandazi ya kubeba kazini, yeye mezani na laptop yake, saa moja jioni potali ya chuo ikafunguka. Akasoma kimyaa. Nikamuuliza vipi? Akasema, "Mama, wamenidifa."

Sasa hilo neno, "defer" la Kiingereza, kuahirisha, mimi nilikuwa nalijua, tena nalijua vizuri. Mwenzangu kazini mtoto wake alipata chuo, akaomba difa, akafanya kazi mwaka mzima ndo akaenda kuanza. Kwa hiyo kichwani kwangu ni hivi: kapata, ila ataanza mwakani. Nikazima jiko, nikashika simu na mikono ya unga hivyo hivyo, nikatuma voice note kwenye grupu la ukoo. Tanga ilikuwa saa tisa usiku lakini shangazi yake alikuwa macho, sijui alikuwa anafanya nini, akarudisha vigelegele vya sekunde arobaini. Binti akainua kichwa akanitazama, akasema taratibu, "Mama, futa hiyo."

Kumbe neno ni moja mambo mawili. Kuna difa ya mtu ambaye ameshapata nafasi, anaomba mwenyewe kuisogeza mbele mwaka mmoja, hiyo ni raha. Na kuna hii ya Desemba, ambayo chuo ndo kinakuahirisha wewe: hatujakukubali, hatujakukataa, tunakuhamishia kwenye kundi la maombi ya kawaida ya Januari, tutakusoma tena pamoja na wengine wote, jibu mwishoni mwa Machi. Yaani wanakuweka kiporo. Kama mechi ya ligi iliyoahirishwa, pointi huna na hujafungwa, msimamo unaendelea kusogea wewe umekaa.

Na msichanganye na lile benchi la akiba la masika, hilo wanaita waitlist. Benchi linakuja baada ya majibu ya mwisho, pale wanakwambia timu imejaa ila mtu akiumia tunaweza kukuita. Kiporo kinakuja kabla, faili lako bado linasomwa. Mimi hapo sikuwa najua lolote kati ya haya, nilikuwa najua tu kwamba nimemdhalilisha mtoto mbele ya ukoo mzima na vigelegele haviwezi kurudishwa.

Ndo hali niliyokuwa nayo nilipowapigia simu hao jamaa siku ya pili yake, sijalala, nimetoka zamu. Dola 650. Ndani yake unapata simu moja ya dakika arobaini na tano na "mtaalamu", wanakuandalia barua ya kusema bado una nia, na wanakutengenezea mkakati hadi Machi. Nililipa kwa kadi nikiwa kwenye gari parking ya kazini. Ada ya kutuma maombi chuo chenyewe haikufika hata mia, kumbukeni hilo.

Simu yenyewe ilikuwa ya video, kaka mmoja mstaarabu, shati zuri, nyuma yake kabati la vitabu vimepangwa kwa rangi. Akaanza na slaidi. Slaidi ya kwanza inasema difa ni ishara nzuri sana, maana yake chuo kinakutaka, kinahitaji tu sababu ndogo ya kusema ndiyo. Nikashusha pumzi. Binti hakushusha. Akamuuliza, kwa adabu kabisa, chuo hiki kinaweka kiporo asilimia ngapi ya walioomba mapema? Kaka akasema hizo namba hutofautiana, jambo la msingi ni kubaki na mtazamo chanya.

Jamani, hapo ndo penyewe. Hizo namba hutofautiana ndiyo, na ndo sababu ya kuuliza. Usiku mmoja kabla ya ile simu binti alikuwa ameshakaa na bahasha ya bili ya umeme akiandika mgongoni mwake, nimeitunza mpaka leo. Kachukua namba za Desemba 2023, kwa sababu Desemba iliyofuata Harvard walibana, hawakutangaza za mapema. Harvard mwaka huo walipata maombi ya mapema 7,921, wakachukua 692, na kama asilimia 83 wakawaweka kiporo. Asilimia 83! Hao ni zaidi ya watoto elfu sita na nusu wote wamepata barua ile ile. Yale mwaka huo huo, 7,856 waliomba mapema, wakachukua 709, karibu sawa na wenzao, ila viporo ni asilimia 20 tu, asilimia 70 waliambiwa hapana siku hiyo hiyo, kaendelee na maisha.

Kwa hiyo neno lile lile, jioni za wiki moja, ukiambiwa na Yale ina maana watu walikaa wakabishana juu ya faili lako wakaamua kulibakiza wakati wenzako wengi walishatoka. Ukiambiwa na Harvard ina maana, mmh, hukuwa katika wale wachache waliokatwa mapema. Stanford wao wanasema wazi kabisa kwamba wengi wanawapa jibu la mwisho hapo hapo na viporo vyao ni vichache. MIT wanaweka kiporo wengi. Sasa mtu anayekuuzia huduma ya kuelewa difa, slaidi ya kwanza anakwambia difa zote ni ishara nzuri, huyo anauza nini? Chuo cha binti yangu ni cha kundi la wanaoweka kiporo kwa rundo. Hakuna mtu kwenye ile simu aliyetuambia hilo, tulijiambia wenyewe juu ya bahasha.

Binti akaendelea na hesabu yake kwenye bahasha, na hii ndo iliniuma kuitazama. Darasa lile la Harvard kwa jumla maombi yalikuwa 54,008, waliochukuliwa 1,937. Toa wale 692 wa mapema, zinabaki barua za ndiyo 1,245. Wanaozigombania ni wapya zaidi ya elfu arobaini na sita, pamoja na viporo vyote vile elfu sita na kitu. Akapiga mstari chini, akaandika "sawa", akaenda kulala. Mimi nilikaa naitazama ile "sawa".

Kwa nini wanafanya hivyo lakini, mbona wasiseme tu hapana? Hili kaka wa slaidi alilieleza kiasi, nampa haki yake. Mapema wanaona kundi dogo tu, hawajui Januari italeta nini, kwa hiyo wanakubakiza ili wakulinganishe. Wanataka kuona pia maksi za muhula wa kwanza wa darasa la mwisho, maana kuna watoto wakishatuma tu maombi wanaachia kamba. Na darasa wanalijenga kama sahani ya pilau, hawajui bado kama watahitaji mpiga fidla au mtu wa hesabu au mtoto wa jimbo la mbali kama Montana. Nyongeza yangu mimi, ambayo kwenye slaidi haikuwepo: wengine wanawekwa kiporo kwa heshima tu, kwa sababu baba yake alisoma hapo au shule yake inaleta watoto kila mwaka, hapana ya Desemba inauma kuliko hapana ya Machi. Hiyo ni dhana yangu, msininukuu.

Haya, barua. Hii ndo kazi yenyewe niliyolipia.

Wakatuma rasimu baada ya siku tisa (waliahidi tatu). Inaanza hivi, natafsiri: "Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kuthibitisha shauku yangu isiyoyumba kwa taasisi yenu tukufu." Jamani. Yaani barua ya mtoto wa miaka kumi na saba inasomeka kama ya meneja wa benki anayestaafu. Ukurasa mmoja na nusu, cheo juu ya cheo, rais wa klabu, makamu wa klabu, mwanzilishi mwenza wa sijui nini ambacho kilikutana mara mbili.

Wakati huo binti alikuwa ameshaandika ya kwake, nusu ukurasa. Tangu Novemba alikuwa anaenda maktaba ya mtaa kila Jumamosi saa nne asubuhi kusaidia watoto wa familia za Wakongo hesabu, maana Kiingereza bado kinawapiga chenga na yeye Kiswahili anacho. Siku ya kwanza akawaambia "ishirini na tatu", wakamcheka. Wao kwao ni "makumi mbili na tatu". Akarudi nyumbani ananiambia mama, wale watoto Kiswahili chao kinahesabu vizuri kuliko chetu, ukisema makumi mbili unaziona kumi mbili zimekaa pale, ukisema ishirini huoni kitu, ni jina tu. Basi akawa anafundisha kutoa kwa kukopa kwa njia hiyo hiyo, makumi mbili na tatu toa saba, vunja kumi moja, linabaki moja na una vitu kumi na tatu mkononi. Kuna katoto kamoja ka darasa la tatu kalikuwa kamekwama tangu Septemba kakaelewa mchana mmoja. Hiyo ndo barua. Hiyo na sentensi moja inayosema chuo chenu bado ndo chaguo langu la kwanza na mkinichukua nakuja, na maksi za muhula.

"Mtaalamu" akairudisha na mstari mwekundu juu ya aya yote ya makumi mbili. Pembeni kaandika haina uzito, ondoa, weka nafasi ya uongozi. Sikujua nicheke au nipige simu polisi.

Na mkakati sasa. Mkakati ulisema tutume barua moja Januari, nyingine Februari, nyingine Machi, tuongeze barua mbili za mapendekezo, moja ikiwezekana ya mtu maarufu, na kama kuna ndugu yeyote aliyesoma hapo apige simu. Ndugu yangu aliyesoma pale ni nani, babu? Binti akafungua potali ya chuo, kule kule kwenye barua ya kiporo, chini yake kuna kiungo cha maswali na majibu, kimeandikwa kwa lugha nyepesi kabisa: unaweza kupandisha waraka mmoja wa taarifa mpya, usizidi ukurasa mmoja, tafadhali usitume barua za mapendekezo za ziada. Imeandikwa. Bure. Tungefuata mkakati wa dola 650 tungeonekana watu tusiojua kusoma.

Kila chuo kina sheria zake hapo, msibebe za jirani. MIT kwa mfano wana fomu yao maalumu ya Februari, unajaza maksi za katikati ya mwaka na jambo lolote jipya, basi, imeisha. Kuna vyuo vina sanduku la kuandika kwenye potali, kuna vinavyosema msitutumie kitu chochote, na ukituma hakuna anayekupongeza kwa bidii. Na ripoti ya maksi za katikati ya mwaka inatumwa na kaunsela wa shule, siyo wewe, siyo kampuni. Kaunsela wa binti yangu ana watoto kibao, ukimuandikia emaili leo anajibu wiki ijayo, lakini alijibu, akatuma ripoti kabla ya mwisho wa Januari, akasoma ile nusu ukurasa akasema usiguse hata neno, ila rekebisha tarehe. Dakika kumi na mbili. Sifuri dola. Nikikumbuka nasikia joto la masikio.

Kitu kingine, na hiki wazazi wenzangu kisikilizeni maana kinahusu pesa. Kaka alisukuma sana tupeleke Early Decision ya pili kwenye chuo kingine, akasema dedilaini ni mwanzoni mwa Januari, amueni leo. Kwa asiyejua, Early Decision ni posa yenye mahari juu: wakikukubali umeoa, unafuta maombi mengine yote. Siyo kama Early Action, ile wanakujibu mapema na wewe unabaki huru mpaka tarehe 1 Mei. Hata hizi za Harvard, Yale, Princeton na Stanford ni za kukuzuia usiombe mapema kwa wengine hovyo, lakini wakikuchukua hulazimiki kwenda. Binti aliomba kwa mtindo huo wa kutolazimika. Na hata wale walioomba kwa posa, wakishawekwa kiporo kile kiapo kwa kawaida kinavunjika, wako huru. Early Decision ya pili inakuja na majibu kama Februari hivi, vyuo vizuri tu vinayo, Vanderbilt, Emory, Tufts, Johns Hopkins. Siyo utapeli, kwa watu wengine ni njia nzuri.

Ila sisi tunategemea msaada wa kifedha. Ukishaposa huwezi kukaa na barua tatu mezani ukalinganisha nani anatoa nini. Nikamuuliza, na wakitupa msaada mdogo? Akasema huwa inakaa sawa. Nikamuuliza tena. Akasema kama hautoshi mnaweza kuomba mtolewe. Kweli, inaruhusiwa, lakini alisubiri niulize mara mbili, na slaidi ilikuwa inasema "ongeza nafasi zako mara dufu" na wala haikusema dufu ya nini. Baba yao alikuwa kwenye simu kutoka barabarani Indiana huko, akasema maneno ambayo hayafai kwenye riviu, tukakata shauri hapana.

Kizuri chao? Nisiwe mchoyo. Kalenda waliyotuma ilikuwa safi, tarehe zote kwenye karatasi moja, niliibandika kwenye friji na mpaka leo ipo. Na waliniambia jambo moja sahihi, kwamba kuanzia siku ya kiporo mtoto ahesabu kama kile chuo hakipo na amalizie maombi ya kawaida mengine kwa nguvu ile ile. Alibakiza sita, dedilaini nyingi ziko tarehe 1 hadi 5 Januari, na alikuwa hana hamu kabisa, wiki nzima ya Krismasi alikuwa anatembea na blanketi mabegani kama mgonjwa. Tulikaa naye mezani. Mdogo wake alikuwa anamletea chai. Akazimaliza tarehe 31 usiku wakati majirani wanapiga fataki.

Alituma nusu ukurasa yake, makumi mbili ikiwemo. Mwishoni mwa Machi wakamjibu hapana. Safari hii nilikuwa nimeshajifunza kusubiri nielezwe kabla ya kushika simu. Mawili katika yale sita yalisema ndiyo, moja likaja na msaada ambao tuliusoma mara tatu tukidhani tumekosea sifuri. Yuko huko sasa, saa mbili na nusu kwa gari, anasoma hesabu.

Mwezi wa nne niliwaomba kampuni wanirudishie nusu ya hela, nikaambatanisha ile rasimu ya taasisi tukufu na picha ya maelekezo ya potali. Wakajibu kwamba kwa mujibu wa masharti hakuna marejesho, ila kwa kuthamini uhusiano wetu wananipa krediti ya dola 100 kwenye kifurushi kijacho. Dada wa mapokezi alinipigia mwenyewe kuniambia pole, ndo ile nyota ya pili.

Juzi wamenitumia emaili. Krediti yangu inaisha Desemba, na wanatoa punguzo la asilimia 15 kwa mtoto wa pili. Mdogo wake yuko darasa la tisa.